Kwa nini uganga unafifia katika visiwa vya Earthsea?

Msomaji wa Usiku:
Nimemaliza The Farthest Shore, riwaya ya Ursula K. Le Guin ya mwaka 1972 kuhusu visiwa vya kubuni vya Earthsea, na kuna jambo linanitatiza. Cob, aliyefungua mlango kati ya uhai na mauti, anawaahidi watu kwamba hawatakufa. Iweje ahadi hiyo iwapokonye waganga uwezo wao, na hata mafundi wa kawaida waharibikiwe na kazi?

Mwanabahari:
Katika visiwa hivyo uganga wote umesimama juu ya jina la kweli la kila kitu. Anayeikubali ahadi ya Cob hulipa kwa jina lake, na aliyepoteza jina lake hawezi tena kukiita kitu kingine kwa jina. Ndiyo sababu sura ya Lorbanery, kisiwa kilichosifika kwa hariri, inanitisha kuliko joka lolote: mama aliyekuwa bingwa wa kutia rangi amepoteza ufundi wake wote, na vitambaa vya kisiwa kizima vimekuwa hafifu. Ged, mganga mkuu wa visiwa hivyo, hampi dawa; anampa jina jipya.

Binti Malenga:
Naongeza wale wanaoishi juu ya vyelezo katikati ya bahari. Usiku wa ngoma yao kuu waimbaji wananyamaza ghafla kwa kuwa wameusahau wimbo, ikabidi Arren, kijana mgeni, aumalizie. (Neno “uganga” naliafiki, maana mchawi kwetu ni mtu wa kudhuru, na humo anayestahili kuitwa hivyo ni Cob.)

Msomaji wa Usiku:
Nimeelewa kuhusu majina. Lakini Ged anamaliza nguvu zake zote kuufunga mlango ule, kisha anabaki mtu wa kawaida. Hapo niliona mwandishi amemwonea.

Mwanabahari:
Soma Tehanu, kilichotoka mwaka 1990, yaani miaka 18 baadaye. Ged anafika Gont, kisiwa alikozaliwa, juu ya mgongo wa joka, lakini badala ya kupokewa kama shujaa anawakwepa watu kwa haya na kwenda kuchunga mbuzi mlimani. Mara ya kwanza kilinichosha, kwa kuwa nilikuwa nasubiri maajabu. Usikirukie The Other Wind cha mwaka 2001 kabla ya hicho, kwani humo nchi yenyewe ya wafu ndiyo inayohojiwa.