Essendon inatuomba subira ambayo yenyewe haijawahi kuwa nayo

Wakuu, habari za wakati huu. Najua wengi wenu humu ni watu wa Simba na Yanga, wengine wa Gor Mahia na AFC Leopards, na ni wachache tu wanaofuatilia mpira wa Australia, ule wa umbo la yai, wenye milingoti minne kila upande na wachezaji 18 kwa kila timu. Hata hivyo naomba mnivumilie, kwa sababu ninaishi Melbourne tangu mwaka 2002, nimeipenda klabu ya Essendon tangu majira ya baridi ya mwaka uliofuata, na sasa nina hasira ambayo nyumbani kwangu imekosa msikilizaji. Mama watoto amekwisha kupiga marufuku jina la klabu hiyo lisitajwe wakati wa chakula.

Kilichonitoa kwenye ukimya ni jambo la Oktoba 2025. Katika kipindi cha kubadilishana wachezaji, nahodha wetu wa wakati huo, Zach Merrett, aliomba ahamishiwe klabu ya Hawthorn. Narudia ili mtu asidhani amesoma vibaya: nahodha, mtu anayeongoza wenzake kuingia uwanjani, akiwa bado na mkataba, aliomba kwenda kwa watu tuliopambana nao katika fainali tatu mfululizo za miaka ya 1983, 1984 na 1985. Klabu ilikataa, dirisha likafungwa, na mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake akaambiwa aifungue. Mitaani na redioni mashabiki wenzangu wengi walimshambulia yeye, wakamwita msaliti. Mimi nimeshindwa kumkasirikia. Merrett aliteuliwa na klabu mwaka 2013 akiwa kijana aliyetoka shule, ameibuka mchezaji bora wa klabu mara kadhaa, na kwa miaka yote hiyo timu yake haijashinda hata mechi moja ya mtoano. Mtu akikimbia nyumba inayovuja, kabla ya kumtukana tazameni kwanza paa.

Hilo paa lenyewe ndilo hili. Essendon ina mataji 16, idadi ambayo ni klabu chache sana zinaweza kuigusa, na bado mara ya mwisho kushinda mechi ya mtoano ilikuwa Septemba 2004, dhidi ya Melbourne, kwa tofauti ya pointi tano. Nilikuwapo siku hiyo katika uwanja wa MCG. Kando yangu alikaa mzee mmoja mwenye asili ya Italia ambaye alikuwa amenivisha skafu yake nyekundu na nyeusi tangu robo ya pili kwa sababu aliniona natetemeka, na kipenga cha mwisho kilipolia alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniambia neno moja, mwakani, akimaanisha kwamba kama si mwaka huo basi mwaka unaofuata ubingwa ni wetu. Skafu hakuichukua tena. Ninayo hadi leo, nyuzi za pembeni zimefumuka, na kila Septemba naitazama ikining'inia nyuma ya mlango nikikumbuka lile neno.

Tangu siku ile tumeingia kwenye mtoano mara sita nyingine na mara zote sita tumetolewa katika mechi ya kwanza. Mwaka 2009 Adelaide walitufunga kwa tofauti ya pointi 96. Mwaka 2011 Carlton, pointi 62. Mwaka 2014 North Melbourne walitutoa kwa pointi 12, na hiyo iliuma kuliko zote kwa kuwa tulikwenda mapumziko tukiongoza. Mwaka 2017 Sydney, pointi 65. Mwaka 2019 West Coast, pointi 55. Mwaka 2021 Western Bulldogs, pointi 49, kule Launceston kwenye mvua. Kwa asiyejua hesabu za mchezo huu, goli moja ni pointi sita, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe muone ni magoli mangapi. Mwanangu wa kwanza alizaliwa mwaka 2006. Ana ndevu sasa.

Ninachotaka kusema katika uzi huu si kwamba timu ni mbovu, maana timu mbovu zipo na mashabiki wake wanaishi. Malalamiko yangu ni kwamba klabu hii haijawahi kukosa vipaji wala fedha wala mashabiki. Imekosa subira, na kila inapoponzwa na kukosa kwake subira, sisi tunaolipa ada ndio tunaoombwa tuwe na subira. Makocha wanafukuzwa, mipango inachanwa, kisha barua inatufikia yenye maneno ya ujenzi mpya na safari ndefu. Safari gani isiyo na mwisho, ambayo dereva anabadilishwa kila tukifika njia panda?

Tuanze na Kevin Sheedy, aliyefundisha misimu 27, kuanzia 1981 hadi 2007, akatuletea mataji manne, likiwamo la mwaka 2000, ambapo katika mechi 25 za msimu mzima tulipoteza moja tu. Alipoondolewa, sikulalamika, kila mwalimu ana siku yake ya kustaafu. Akaja Matthew Knights, akapewa kazi ya kujenga kikosi cha vijana, na mwaka 2010 akatimuliwa akiwa bado na mkataba mkononi. Kwa nini? Kwa sababu viongozi walikuwa wameshamwona James Hird. Hird alikuwa kipenzi chetu sote, nahodha wa ubingwa wa 2000 na mshindi wa nishani ya Brownlow ya 1996, ile ya mchezaji bora wa ligi, lakini hakuwa amewahi kuwa kocha mkuu wa timu yoyote ya ligi hii. Nakiri hapa mbele yenu kwamba siku alipotangazwa nami nilishangilia, nikapiga simu hadi Tanga kumweleza kaka yangu ambaye hata hakuelewa ninazungumzia nini. Tulitaka njia ya mkato, tukapewa.

Na njia ya mkato haikuishia kwenye kuchagua kocha. Mwaka 2012 wachezaji wetu waliingizwa katika mpango wa sindano za virutubisho ambao baadaye klabu yenyewe haikuweza kuonyesha kumbukumbu kamili za nini kiliingia katika mwili wa nani. Someni sentensi hiyo tena polepole, hasa mlio wazazi. Vijana walikabidhi mikono yao kwa mwajiri, wakasaini karatasi za ridhaa, kwa sababu waliambiwa kwamba kila kitu kipo ndani ya kanuni. Uchunguzi ulianza Februari 2013. Agosti mwaka huo ligi ikaitoza klabu faini ya dola milioni mbili, ikatunyang'anya nafasi za kuchagua chipukizi, ikamfungia Hird miezi 12 na kutuondoa kwenye mtoano ambao tulikuwa tumekwisha kuustahili uwanjani. Nafasi yetu wakapewa Carlton, yaani kati ya klabu zote za nchi hii, Carlton, nao wakaenda wakashinda mechi yao ya kwanza.

Ilipofika Machi 2015 baraza la ligi liliwasafisha wachezaji, tukapumua, lakini WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizokatazwa michezoni, ilikata rufaa, na Januari 2016 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ikawatia hatiani wachezaji 34, wa zamani na wa wakati huo. Waliokuwa bado na sisi wakakosa msimu mzima. Tukashika mkia kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1933. Jobe Watson, ambaye baba yake Tim alitwaa mataji matatu na jezi hiyo hiyo, akaachia nishani yake ya Brownlow ya mwaka 2012, ikagawiwa kwa Trent Cotchin na Sam Mitchell. Katika yote haya, picha ambayo haijaniondoka ni ya Watson, mtu mpole, akiulizwa maswali mbele ya kamera kuhusu sindano ambazo watu wazima waliolipwa mishahara minono walipaswa kuzijua kabla hajakunja mkono wa shati.

Baada ya msiba wa namna hiyo ungetegemea wenye nyumba wakae chini, wafikiri. Kocha John Worsfold alituvusha katika miaka ile migumu, na namshukuru, ingawa mchezo wake ulinichosha. Mwishoni mwa 2020 wachezaji Joe Daniher, Adam Saad na Orazio Fantasia waliondoka kwa mpigo. Daniher alikwenda Brisbane, akatwaa ubingwa mwaka 2024, kisha akastaafu huku anacheka, na sijamwona mtu aliyemlaumu. Akaja Ben Rutten, ambaye katika mwaka wake wa kwanza kamili, 2021, alitufikisha kwenye mtoano. Mwaka uliofuata mambo yakaharibika, na Agosti 2022 viongozi wakaanza kumkimbilia kocha mwingine, Alastair Clarkson, hadharani ilhali Rutten bado anawafundisha vijana. Clarkson akachagua North Melbourne. Rutten akasimamia mechi ya mwisho huku nchi nzima ikijua kwamba amekwisha, akafukuzwa kesho yake. Kwetu Tanga hata mbuzi wa shughuli hufichwa kisu.

Nilidhani tumefika chini kabisa. Oktoba mwaka huo huo klabu ikamtangaza mtendaji mkuu mpya, Andrew Thorburn, akajiuzulu siku iliyofuata baada ya watu kuanza kuuliza kuhusu uongozi wake katika kanisa moja na mahubiri ya kanisa hilo. Siingii katika mjadala wa dini, kila mtu na imani yake. Ninachouliza ni hiki tu: jambo ambalo mwandishi wa habari aliligundua kwa asubuhi moja, bodi ilishindwaje kuliuliza katika usaili? Mtu akiajiri mlinzi wa zamu ya usiku hapa mtaani kwetu Sunshine humuuliza zaidi ya hapo.

Brad Scott alipewa kazi ya ukocha, na mwanzoni nilimpa moyo wangu wote. Mwaka 2023 tukafungwa na klabu ya GWS ya Sydney kwa tofauti ya pointi 126 tukiwa tunawania nafasi ya mtoano. Mwaka 2024 tulianza kama mabingwa, tukamaliza kama wageni waliokosea mlango. Mwaka 2025 majeruhi walijaa hadi tukawachezesha vijana ambao majina yao ilinibidi niyasome kwenye jezi. Majeruhi ni bahati mbaya, nakubali, na mtakaoandika hapa chini kwamba Scott aonewe huruma nitawaelewa. Hata mimi simtaki afukuzwe. Hapo ndipo wengi watanishangaa, lakini ndiyo hoja yangu nzima.

Tazameni majirani. Mwaka 2006 Geelong walikuwa na msimu mbaya, watu wakataka kichwa cha kocha Mark Thompson; klabu ikajichunguza yenyewe kuanzia ofisini, ikambakiza, na mwaka 2007 ikatwaa ubingwa. Huyo Thompson, kwa taarifa yenu, ndiye aliyekuwa nahodha wa Essendon tulipotwaa taji la 1993. Mwaka 2016 Richmond walimaliza msimu vibaya, kukawa na jaribio la kuipindua bodi, wakakataa kumtupa kocha wao, Damien Hardwick. Wakabeba ubingwa 2017, 2019 na 2020. Mimi hupanda treni moja na mashabiki wa Richmond, nimewaona wakilia kwa hasira mwaka mmoja na kuimba mwaka uliofuata, na nakuhakikishieni kwamba hawana akili kutuzidi. Viongozi wao walikaa tu kwenye viti, wakaacha kutapatapa.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisihame. Nilipofika nchi hii nikiwa sijui hata namna ya kushangilia, mfanyakazi mwenzangu kiwandani alinisimulia habari za Michael Long, mwana wa watu asilia kutoka Darwin, ambaye mwaka 1995 alikataa kunyamaza baada ya kutukanwa kwa rangi yake uwanjani, hadi ligi ikalazimika kutunga kanuni dhidi ya matusi ya namna hiyo. Mwaka 2004 akatoka nyumbani kwake Melbourne akaanza kutembea kwa miguu kuelekea Canberra kumtafuta waziri mkuu azungumze naye kuhusu watu wake. Mtu mweusi mgeni, anayetafuta pa kujishikiza, akisikia kwamba jezi ya mtu huyo ilikuwa nyekundu na nyeusi, ana sababu gani ya kutafuta nyingine? Klabu hii imewahi kuwa na watu wanaojua kutembea safari ndefu.

Kwa hiyo madai yangu ni machache. Bodi ituandikie sisi wanachama, kwa majina yao, ni nani aliyeamua nini mwaka 2010, 2012 na 2022, na kati ya waliokuwamo ni wangapi bado wana ushawishi ndani ya jengo lile la kifahari karibu na uwanja wa ndege wa Tullamarine. Kocha aachwe amalize mkataba wake, ashinde au ashindwe kwa mikono yake. Na Merrett aulizwe, mbele ya watu na bila kutishwa, ni kitu gani alichokiona ambacho sisi wa majukwaani hatukioni. Wana Essendon wenzangu mlio humu, kama mpo hata wawili, semeni kama ninakosea.

Kuhusu ada ya mwaka 2026, kabla hamjaniuliza: nimelipa. Nililipa Oktoba, wiki ile ile ya Merrett, usiku, mama watoto akiwa amelala, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko mengine yote niliyoyaandika.