Mwanafunzi wa kitengo hatulii na kazi ya darasani, lakini hutulia jikoni: nianzie wapi?

Mwalimu, Chamwino

Walimu wenzangu na wazazi, habari za kazi. Ninafundisha kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu wa akili katika shule ya msingi, nina wanafunzi 14 wa umri unaotofautiana sana. Mmoja wao, mvulana wa miaka 11, hawezi kukaa na kazi ya kufuatisha herufi hata dakika 2: macho yanahamia mlangoni, anavua kiatu, anaanza kumchokoza aliyeketi jirani yake. Juzi wakati wa mapumziko nilimkuta jikoni na mpishi, anachagua mawe kwenye maharage, punje moja moja, na hakuinua kichwa hata kengele ilipogongwa, mpaka ungo ulipokwisha. Ilikuwa kama robo saa. Muhula mzima nimekuwa nikiandika kwenye taarifa zake kwamba hana umakini, na sasa naona nimemwandikia jambo lisilo kweli. Nifanye nini ili utulivu ule auhamishie darasani?

Mwalimu wa kitengo, Kongwa

Mwalimu mwenzangu, anza na hayo hayo maharage. Kazi ile anaishika mkononi, anauona mwisho wake kwa sababu rundo linapungua upande mmoja na kukua upande wa pili, na hakuna anayemsemesha kila mara. Wanafunzi wetu wengi hupata shida kushika mambo kadhaa kichwani kwa wakati mmoja. Ukimwambia achukue penseli, afungue daftari na afuatishe herufi ya kwanza, umempa maelekezo matatu, na anapofikia la tatu la kwanza limeshamtoka. Hapo tunasema hatulii, kumbe amepotea njia katikati ya kazi.

Mimi hutumia sinia mbili: ya kushoto ina kazi, ya kulia hupokea iliyokwisha. Huanza na vitu 5 tu, tuseme mbegu za alizeti zilizochanganywa na punje za mahindi, na akimaliza anainuka mwenyewe kupeleka sinia kwenye rafu, kwa sababu kule kuinuka nako ni pumziko. Akimaliza siku 3 mfululizo bila kusukumwa, naongeza viwili. Akishindwa, ninarudi nyuma. Baadaye punje hupisha vifuniko vya chupa vyenye herufi, lakini sinia na utaratibu havibadiliki. Toa elekezo moja, kisha nyamaza uhesabu moyoni hadi 10. Tunapenda mno kurudia maneno, na kila tunaporudia tunamkata mtoto aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza. Mketishe pia mbali na mlango, maana upepo wetu huu wa Julai ukianza kupiga mabati, hata mwalimu mwenyewe hupoteza alichokuwa akisema.

Tabibu, Dodoma mjini

Ninakubaliana na Mwalimu wa Kongwa, ila naomba mtoto apimwe masikio na macho kabla hamjaendelea mbali. Watoto wenye ulemavu wa akili, hasa wenye sindromu ya Down (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili na mwili), hupata matatizo ya kusikia na kuona kwa wingi kuliko watoto wengine, na asiyesikia vizuri huonekana mtundu au mzembe. Angalia pia kama kuna nyakati anakodoa macho kwa sekunde chache, haitiki akiitwa wala akiguswa, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Kipo kifafa cha namna hiyo, kisichomwangusha mtoto wala kumtikisa, na kinatibika kwa dawa. Andika siku, saa na ulichokiona, kwa kuwa maandishi hayo humsaidia sana anayempima. Kama tayari anatumia dawa za kifafa na anasinzia darasani, mzazi asiziache mwenyewe. Arudi kituoni aeleze.

Mama, Mpwapwa

Mwalimu, mimi nina binti wa miaka 13 mwenye ulemavu wa akili, na nina ombi moja. Maharage yaende darasani, mtoto asihamishiwe jikoni. Shule aliyoanzia binti yangu waligundua kwamba anafagia vizuri na kwa utulivu, basi ikawa kila siku ni ufagio na ndoo, huku wenzake wakifundishwa kuhesabu. Nilikuja kujua baada ya mwaka, nilipoona daftari lake ni jeupe. Niliumia sana. Hakuwa mfanyakazi pale, alikuwa mwanafunzi.

Jambo la pili, mweleze mama yake maneno unayoyatumia. Mwalimu wa sasa wa binti yangu husema "kwanza hiki, halafu kile" huku akionyesha vitu vyenyewe, nami nyumbani nasema vivyo hivyo: kwanza vyombo, halafu redio. Amezoea, na hasumbuki tena kuuliza kinachofuata.

Mwalimu, Chamwino

Ahsanteni sana. Mama, nimekuelewa, na nakuahidi kwamba mtoto huyu hatakwenda jikoni wakati wa vipindi. Mpishi amekubali kuniazima nyungo mbili, na Jumatatu nitaanza na punje 5. Maneno ya Tabibu yamenikumbusha jambo nililokuwa nikiliona bila kulitilia maanani: nikimwita nikiwa kushoto kwake, mara nyingi hugeukia kulia. Leo jioni nitakwenda nyumbani kwao tukapange na mama yake siku ya kumpeleka kupimwa masikio.