Mrejesho: lile doa jeusi kwenye ufizi wa mama
Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kuhusu doa la rangi ya bluu iliyokoza kwenye ufizi wa mama, pembeni ya gego lililozibwa zamani. Wengine mlitaja saratani, nikakosa usingizi.

Daktari wa meno alipiga eksirei, akatuonyesha chembe nyeupe ndani ya ufizi. Ni amalgamu, ule mchanganyiko wa fedha na zebaki wa kuzibia meno, uliopenya kwenye nyama. Hauna madhara, hauhitaji dawa. Lakini alisema chembe zisingeonekana, angekata kinyama kikapimwe, kwa sababu melanoma (saratani ya seli za rangi) ya mdomoni hutokea zaidi kwenye kaakaa na ufizi wa juu, na huanza bila maumivu. Doa tumelipiga picha. Likitanuka tunarudi haraka. Asanteni sana, hasa uliyeniambia "mpeleke kesho."