Naomba ushauri: vichezeo vya chemshabongo kwa mapumziko ya masomo ya nyumbani

Habari zenu wapendwa. Ninawafundisha wanangu wawili hapa nyumbani, wa miaka 9 na 6. Kati ya somo na somo nawapa mapumziko ya dakika 15, na sitaki wakimbilie simu.

Nilianza na mchemraba wa Rubik, ule wa kuzungusha hadi kila upande uwe na rangi moja. Mkubwa alipokwama aliubomoa kwa mpini wa kijiko, akarudishia vipande ovyo ovyo. Nimekuja kujua kwamba ukiuunga hivyo, uwezekano wa kutatulika ni 1 kati ya 12 tu. Picha ya kuunganisha ya vipande 100 nayo ilileta ugomvi: muda unaisha, hakuna anayetaka kuiacha, Hesabu inalala.

Kilichosaidia kidogo ni tangramu, yaani mraba uliokatwa vipande vya kupanga maumbo. Nilikata vile vipande 7 kwenye boksi la sabuni, wakawa wanaunda paka, mashua, nyumba. Ila kona zimeshachakaa, na pembetatu moja imetumbukia kwenye uji. Mnara wa Hanoi nimeutengeneza kwa vifuniko vya makopo na sahani tatu: unahamisha rundo la vifuniko hadi sahani nyingine, kimoja kimoja, bila kikubwa kukaa juu ya kidogo. Vifuniko vitatu ni hatua 7 kwa uchache, vinne ni 15. Mdogo anaupenda. Mkubwa anasema ni mchezo wa watoto (yeye sijui ni nani).

Sasa naomba kuuliza: ni chemshabongo gani ya mikono inayomalizika ndani ya dakika 15 na itakayowashika wote wawili? Na nikimpa seremala kazi ya tangramu, atumie plaiwudi ya milimita ngapi ili ncha zisimeguke?

Natanguliza shukrani.