Tupeane uzoefu: mimea ya uani iliyowahi kumdhuru paka wako

Wakuu, niko Ujiji, nina paka jike anaitwa Chausiku. Jumamosi kijana alipunguza uzio wetu wa minyaa, na mnajua minyaa ikikatwa utomvu unavyochuruzika kama maziwa. Chausiku akamfukuzia mjusi humo humo. Kutoka, jicho la kushoto limefumba, masharubu yamegandana, anajifuta kwa mkono na kila akijifuta anazidi kujipaka. Nikamviringisha kwenye khanga, nikammiminia maji safi jichoni kidogo kidogo kama robo saa, kisha manyoya nikayaosha kwa sabuni asije akaulamba. Bwana mifugo akatupa dawa ya matone. Leo siku ya nne, jicho limefunguka ila bado jekundu. Wenzangu mmekutana na yapi?

Mama Wawili, Mwanga
Pole sana dada, na hongera kwa kuwahi maji. Wangu ni mchaichai. Anautafuna kila asubuhi, akizidisha anatapika povu na majani mazima mazima, halafu anashinda amelala. Nimeuzungushia wavu wa kuku.

Mzee wa Gungu
Mimi hili linaniuma mpaka leo. Baada ya harusi ya binti yangu tulibaki na shada lenye maua ya lili, yale makubwa meupe yenye unga wa rangi ya chungwa katikati. Paka akapita chini yake, mgongo ukachafuka unga, akajilamba kama kawaida yao. Usiku akatapika. Kesho yake akajificha chini ya kitanda, hali chochote. Nikadhani ni dagaa walioharibika, nikangoja. Siku ya tatu hakukojoa kabisa. Daktari wa mifugo swali lake la kwanza lilikuwa: nyumbani kuna maua gani? Lili inaua figo za paka. Jani, ua, ule unga, hata maji ya chombo cha maua. Mbwa akila anaweza kuumwa tumbo tu, paka anakufa. Ningempeleka usiku ule ule alipoanza kutapika pengine angepona. Tulimzika chini ya mchikichi.

Kibirizi Kwetu
Pole mzee wangu. Na jamani, tuache kuwanywesha mawese kwa nguvu eti yanaua sumu. Wangu alitafuna mbegu za mbono, nikamkaba nikammiminia kijiko. Mafuta yakapita njia ya hewa, akakohoa wiki nzima. Sumu ya mbono ikaisha, mapafu ndiyo yakabaki na kazi.

Bi Asmini
Waridi na asmini ninazo miaka mingi, paka watatu, sijaona shida.

Mleta mada
Mzee wa Gungu, pole sana, nimesoma mara mbili. Kibirizi, nami mbono ninayo nyuma ya choo, kesho inang'oka. Minyaa siwezi kuitoa maana ndiyo uzio wenyewe, ila siku ya kukata Chausiku atafungiwa ndani mpaka utomvu ukauke. Jirani nimeshamwambia anigongee kabla hajashika panga.