Kuchonga chupa 400 kwa leza: bei ya jumla ishuke hadi wapi?

Mwenye karakana, Sinza

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wa wenye uzoefu wa kazi za oda kubwa. Nina karakana ndogo hapa Sinza yenye mashine moja ya leza ya CO2, na kazi zangu za kila siku ni ngao za tuzo, vibao vya milangoni na zawadi za send-off na mahafali. Mteja akija na chupa moja ya maji, zile za chuma zenye rangi ya poda, humchongea kwa shilingi 6,000.

Sasa kampuni moja iliyoko Posta inataka chupa 400, nembo ya kampuni upande mmoja na jina la mfanyakazi upande wa pili. Chupa wataleta wenyewe. Wanasema kwa wingi huo nichonge kila moja kwa shilingi 1,500. Kwa mashine yangu nembo yao inachukua dakika 3, jina dakika 1, na kuifunga chupa kwenye kizungushio (kifaa kinachoizungusha chini ya leza), kuitoa na kuifuta ni dakika nyingine 1. Mwenzangu mmoja ananishauri nitoze nusu ya bei ya kawaida, mwingine anasema kazi kubwa haikataliwi, nipokee watakachotoa. Ninachotaka kujua ni namna ya kuipata bei yenyewe, ili nikikaa na mteja niweze kuitetea.

Fundi leza, Kariakoo

Ndugu yangu, anza na gharama ya saa moja ya mashine, maana bila hiyo kila bei utakayotaja itakuwa ya kukisia. Chukua mfano wa karakana inayolipa pango shilingi 400,000 kwa mwezi, ujira wako na wa msaidizi 800,000, umeme 90,000, na inayoweka akiba ya 150,000 kwa ajili ya mrija wa leza, lenzi na matengenezo. Jumla ni 1,440,000. Ikiwa mashine inachonga kweli kweli saa 120 kwa mwezi, saa moja inagharimu shilingi 12,000, yaani shilingi 200 kwa dakika. Angalia kwamba nimegawa kwa saa ambazo mashine inafanya kazi, wala si saa ambazo mlango uko wazi. Mafundi wengi huhesabu umeme wa LUKU peke yake, ambayo katika mfano huu ni shilingi 750 tu kwa saa, kisha hushangaa mrija unapokufa na hawana fedha ya kununua mwingine.

Baada ya hapo tenganisha kazi inayofanyika mara moja na ile inayorudiwa kwa kila chupa. Kusafisha faili la nembo na kujaribu nguvu na kasi ya leza kunaweza kuchukua dakika 20, iwe chupa moja au 400. Lakini zile dakika zako 5, pamoja na nusu dakika ya kuingiza na kukagua kila jina, hazipungui hata kidogo kwa sababu oda ni kubwa.

Ukipiga hesabu kwa shilingi 200 kwa dakika, chupa moja inakugharimu shilingi 5,100. Chupa 10 zinashuka hadi 1,500 kila moja, chupa 50 hadi 1,180, chupa 100 hadi 1,140, na chupa 400 hadi 1,110. Utaona kwamba anguko kubwa la gharama linatokea kati ya chupa ya kwanza na ya hamsini, na kwamba kutoka 100 hadi 400 unaokoa shilingi 30 tu. Kwa hiyo mteja anayedai punguzo kubwa zaidi kwa sababu ameongeza oda kutoka 100 hadi 400 anaomba kitu ambacho mashine yako haijakupa, na tofauti hiyo itatoka kwenye faida yako.

Ongeza akiba ya uharibifu. Umeme ukikatika katikati ya nembo, chupa huwa inapoteza mahali ilipokuwa kwenye kizungushio na ni vigumu mno kuirudishia pale pale. Ukitenga asilimia 3, hizo ni chupa 12. Kama chupa inauzwa 12,000, ni shilingi 144,000, sawa na 360 kwa kila chupa ya oda. Gharama inakuwa 1,470. Kwa 1,500 unabaki na shilingi 30 kwa chupa, yaani 12,000 kwa kazi ya saa 37, ambazo ni zaidi ya siku tano za kuchonga saa saba kwa siku, na huo ndio muda ambao wateja wa chupa moja moja watakuta mashine imeshikwa. Mimi nisingeshuka chini ya 2,100, na katika msimu wa mahafali ningeomba wiki mbili za kuimaliza kazi.

Mchonga mbao, Keko

Naunga mkono hesabu hiyo, na ninaongeza kwamba mteja mwenye bajeti ndogo ni vizuri kumpunguzia dakika kabla ya kumpunguzia bei. Nembo iliyojazwa yote inailazimu leza kupita mstari kwa mstari, kwa hiyo muda wake unafuata ukubwa wa eneo na idadi ya mistari. Mwonyeshe sampuli mbili, moja ya nembo iliyojazwa na nyingine ndogo kidogo au ya mistari ya pembeni tu. Ukiokoa dakika 1 kwa chupa, ni dakika 400, na punguzo la shilingi 200 utalitoa bila kuumia. Kwa vitu bapa kama beji na vishikio vya funguo kuna nafuu zaidi, kwa kuwa unaweza kukata kiunzi cha MDF (ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa) kinachobeba vipande vingi kwa mpigo.

Afisa manunuzi, Posta

Naandika nikiwa upande wa wanunuzi. Profoma (ankara ya awali) yenye mstari mmoja tu wa bei hutufanya tuombe punguzo, kwa kuwa hatuoni tunalipia nini. Tenganisha maandalizi, uchongaji wa nembo na uchongaji wa majina, halafu uandike wazi kama bei ina VAT au haina. Usajili wa VAT ni wa lazima kwa mauzo yanayozidi shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kama hujasajiliwa, hupaswi kuitoza. Fahamu pia kwamba kwenye malipo ya huduma kampuni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, kwa hiyo kwenye kazi ya 840,000 utapokea pungufu ya 42,000. Dai cheti cha makato hayo, kwa sababu yanahesabiwa kwenye kodi yako ya mapato.

Orodha ya majina ije kwa maandishi, ikiwa imesainiwa na mtu mmoja wa kampuni. Jina lililokosewa kwenye orodha ni gharama yao, na lililokosewa na fundi ni lake. Omba nusu ya malipo kabla ya kuanza, maana kampuni nyingi hulipa salio siku 30 baada ya kupokea ankara.

Mwenye karakana, Sinza

Nawashukuru sana. Nitapeleka sampuli mbili, 2,100 kwa nembo iliyojazwa na 1,900 kwa ya mistari, na nitaomba chupa 12 za ziada badala ya kuzilipia mwenyewe. Wakirudi mwakani na chupa 100 za wafanyakazi wapya, je, ni haki kuwapa bei ile ile?

Fundi leza, Kariakoo

Ni haki. Kama ulivyoona, kati ya chupa 100 na 400 tofauti ni shilingi 30, na faili la nembo utakuwa nalo. Ila wakikupa chupa za ziada, ile 360 ya uharibifu iondoe kwenye hesabu, la sivyo utakuwa umewatoza mara mbili. Utaweza kushuka hadi 1,600 ukabaki na faida inayoridhisha. Na mwakani usitumie nguvu na kasi za mwaka huu bila kujaribu, kwa sababu unene wa rangi ya poda hubadilika kutoka mzigo mmoja hadi mwingine hata kama chupa ni za aina ile ile.