Kamati za misikiti: hesabuni sanduku mbele yetu kabla ya kulaani wezi wa serikali

Assalaam alaykum. Hapa Uganda, kuanzia Arua hadi Mbale, mimbari zinanguruma kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoa rushwa na mpokeaji. Swala ikiisha, sanduku la sadaka linabebwa hadi chumbani, mlango unafungwa, kimya.

Msituambie ni uzembe. Hiyo ni ghululi, yaani kuiba mali ya amana, Qurani imeitaja (3:161), na katika kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim aliyepewa kazi akificha hata sindano atakuja nayo Kiyama. Nyinyi mnaficha noti za elfu hamsini!

Sanduku liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wasio ndugu. Lifunguliwe palepale msikitini, wahesabu watatu, mmoja asiye mwanakamati. Jumla iandikwe ubaoni siku hiyohiyo na pesa ziende benki Jumatatu, bila kutoa "ya mafuta" kwanza. Vitabu vya risiti viwe na namba zilizochapwa, maana karatasi ikichanwa namba inayokosekana inasema. Na ile michango ya simu inayoingia kwenye laini ya jina la mweka hazina, ikomeshwe. Akifa kesho, warithi wake watagawana msikiti.

Zakatul fitri ni pishi moja kwa kila kichwa, vibaba vinne, kama kilo 2.5 hadi 3 za mchele au unga wa posho. Mnakusanya taslimu, mnapanga bei juu ya soko, kisha mnagawa baada ya swala ya Iddi. Swahaba Ibn Abbas amepokea kwamba ikitolewa baada ya swala inakuwa sadaka tu kama sadaka nyingine. Maskini amekosa haki yake na chenji hatujaiona.

Nyama ya udhiya, wanyama wanaochinjwa Iddi kubwa, ndiyo inayoniudhi zaidi. Wafadhili wanaleta ng'ombe, kila ng'ombe kwa niaba ya watu saba. Mapaja yanakwenda kwa kamati, wajane wanapanga foleni juani wapewe matumbo. Mchinjaji analipwa ngozi, ilhali Mtume alimkataza Ali kumlipa mchinjaji chochote kutoka kwa mnyama: ujira unatoka mfukoni. Andikeni orodha ya kaya kabla ya kuchinja, pimeni kwa mizani, muibandike mlangoni.

Na bahasha za wagombea wakati wa kampeni, sheikh anazoziita zawadi? Ibn al-Lutbiyya alitumwa na Mtume kukusanya zaka za kabila la Banu Sulaym, akarudi akisema: hiki chenu, hiki nimezawadiwa. Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama ataletewa. Sheikh wetu, ungekuwa unalima mihogo kwa mama yako, mgombea angekujua? Basi bahasha isomwe hadharani iingie sanduku lenye kufuli mbili, au irudishwe.

Wanakamati mnaosoma hapa, jibuni kwa namba: sanduku lenu lina kufuli ngapi, na Ijumaa iliyopita lilitoa shilingi ngapi?